Ramani ya lugha ya shilingi 18,000: kijani kirefu, kiraka kidogo

Kwanza bei, maana najua ndilo swali la kwanza. Walianza na 25,000, tukavutana, nikaondoka nayo kwa 18,000 pamoja na laminesheni. Ni ramani ya dunia ya kubandika ukutani, upana mita moja kamili (nimeipima mwenyewe, futikamba ndiyo kazi yangu), na badala ya nchi kupewa rangi, zimepewa rangi lugha kubwa. Nimeinunua kwenye duka moja la vitabu na vifaa vya shule hapa Dodoma mjini. Jina silitaji, kwa sababu huko mbele nitawasema kidogo.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko upande wa Majengo. Ramani ya nini kwa fundi? Nina watoto wawili ughaibuni. Kitinda mimba wangu yuko Yogyakarta, kisiwa cha Java, Indonesia, kwa ufadhili wa masomo. Wa pili ni mtoto wa mdogo wangu, na kwetu huyo ni mwanangu vilevile, ananiita mama mkubwa. Yuko Visakhapatnam, mji wa bandari pwani ya mashariki ya India, anasomea ufamasia. Wateja wakiniuliza watoto wako wapi nikisema "Indonesia na India", wanaitikia "aah, huko huko Asia", kama vile ni Kibaigwa na Gairo. Nikasema ngoja nitundike ramani, mtu akisubiri nguo yake aone mwenyewe.

Kama ramani ya kuonyesha mtoto yuko wapi, naipa nyota nne. Kama ramani ya kuonyesha watu wanaongea nini, naipa mbili, na ya pili ni kwa sababu ya karatasi: nzito, haijapauka hata baada ya miezi mitano ya jua la Dodoma linaloingia mlangoni kuanzia saa nane mchana, na vumbi unalifuta kwa kitambaa chenye maji likaisha.

Sasa niwaonyeshe kilichonikera.

Ukitazama chini ya Asia unaona utepe wa kijani umetandazwa juu ya bahari, kisiwa hadi kisiwa, kutoka ncha ya Sumatra hadi katikati ya kisiwa cha Papua. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa kwamba hapo ni Kiindonesia. Nimeupima: sentimita kumi na tatu. Kwenye ardhi yenyewe ni zaidi ya kilomita 5,000, na visiwa vyake vinapita 17,000. Halafu ukienda India, upande wa kulia kuelekea chini, kuna kiraka cha rangi ya chungwa. Hicho ndicho Kitelugu. Sentimita mbili. Ukiweka kifungo cha koti juu yake, kimefunikwa chote.

Basi kila anayeingia kibandani anatoa hukumu ileile. Kijana mmoja wa bodaboda, alikuja kushonewa begani pa koti lake la mvua, alisimama pale mbele akasema, "Mama, huyu wa kwako wa India umempeleka kijijini. Hii ya kijani ndiyo lugha." Nikamwambia ashuke na macho hadi kwenye jedwali la pembeni chini, lile lenye idadi ya wasemaji. Akasoma, akanyamaza, akasoma tena. Kitelugu: milioni 81. Kiindonesia: milioni 43. Akasema ramani imekosewa.

Haijakosewa pale. Imekosewa kwa kutoeleza. Zile milioni 81 ni Wahindi walioandikisha Kitelugu kuwa lugha yao ya mama kwenye sensa ya India ya 2011, na kwa hesabu hiyo kinashika nafasi ya nne huko, nyuma ya Kihindi, Kibengali na Kimarathi. Zile milioni 43 nazo zinalingana na sensa ya Indonesia ya 2010, na ni watu wanaotumia Kiindonesia nyumbani kila siku, kama mmoja kati ya watano wa nchi ile. Lakini sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba wanaokijua ni zaidi ya tisa kati ya kumi, na wakati huo nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 237. Kwa hiyo jedwali linahesabu wanaokiongea nyumbani, na rangi ya ukutani inahesabu wote. Ni sawa na mimi nikupime kiuno kwa inchi na mguu kwa sentimita, nikuandikie kwenye karatasi moja bila kusema, halafu nikushonee suruali.

Binti yangu wa Yogyakarta ndiye aliyenifungua macho. Tunaongea kwa simu ya video, na saa zenyewe ni mtihani: kwetu ikiwa saa mbili usiku, Visakhapatnam ni saa nne na nusu, Yogyakarta ni saa sita usiku kamili. Nikamwonyesha ramani, nikamwambia ona, mji wako uko ndani ya kijani. Akacheka. "Mama, hapa nilipo bibi mwenye nyumba anaongea na mimi Kiindonesia, akigeuka tu kwa jirani yake ni Kijava. Sokoni Kijava. Msibani Kijava, tena cha heshima, kuna maneno ya kumwambia mkubwa na mengine ya rika lako." Kijava hicho kinasemwa na watu wengi sana, makumi ya mamilioni. Magharibi ya kisiwa hichohicho kuna Kisunda, na ng'ambo kidogo Kimadura. Nchi nzima ina lugha zaidi ya 700. Ramani yangu imezifunika zote kwa rangi moja kama mtu aliyepaka chokaa juu ya ukuta wa matofali.

Nikamuuliza, kwa hiyo Kiindonesia ni cha nani? Akanijibu kwa kunisuta: "Kwani Kiswahili ni cha nani hapo Dodoma?"

Hapo nikaelewa. Bibi yangu kule Mpwapwa alizaliwa, akaolewa na akazikwa kwa Kigogo, na Kiswahili alikitoa akija mgeni, karani au daktari. Kiindonesia ni sare ya shule. Nimeshona sare miaka ishirini na kitu, nazijua: wote wamevaa, wa tajiri na wa maskini, ukiwatazama kwa mbali huwezi kujua nani anatoka wapi, na wakifika nyumbani wanaivua. Sare hii hata tarehe yake ya kukatwa inajulikana. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana wa makabila mbalimbali walikutana Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, enzi hizo chini ya Wadachi, wakaapa nchi moja, taifa moja, na lugha moja ya umoja. Hawakuchukua Kijava, ingawa ndicho kilichokuwa na watu wengi. Walichukua Kimalei, lugha ya bandarini na ya biashara ambayo haikuwa ya kabila kubwa hata moja, wakaipa jina jipya. Wa kwetu tuliosomeshwa kwa Kiswahili badala ya Kisukuma tunaijua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Kuna mzee mmoja mteja wangu, mstaafu wa reli, nilipomweleza hivyo akatikisa kichwa: "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Shikamoo yake nampa, lakini hapa simpi. Nguo hii ya kuazima imewasitiri watu zaidi ya milioni 200, na siku hizi watoto wa mjini wanaivaa hata kitandani. Binti anasema wenzake waliokulia Jakarta hawana lugha nyingine zaidi ya hicho Kiindonesia. Mzee mwenyewe wajukuu zake wako Area C na hawajui kusalimia kwa Kigogo. Nilimkumbusha hilo, akabadilisha mada akaulizia suruali yake.

Kitelugu sasa ni habari nyingine, na ndiyo maana kile kiraka kidogo kinanikera zaidi ya utepe.

Eneo la majimbo mawili ya Kitelugu, Andhra Pradesh na Telangana, ukiyaunganisha ni chini ya theluthi moja ya Tanzania. Lakini sensa ya 2011 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 84. Sisi nchi nzima, sensa ya 2022, tulikuwa milioni 61 na kitu. Kwa hiyo kile kinachofunikwa na kifungo cha koti kina watu kutuzidi. Wengi wao Kitelugu si sare hata kidogo, ni nguo waliyozaliwa nayo: ya kunyonyeshea, ya kugombania, ya kulilia. Na ni lugha iliyoandikwa tangu zamani, ina maandishi yake yenyewe, ya mviringo, herufi zimejikunja kama uzi uliotoka kwenye bobini. Mwanangu alinitumia picha ya kibao cha duka la dawa nikadhani ni urembo wa pindo.

Lugha hii mtu aliifia. Nasema kweli, si maneno ya mtaani. India ilipopata uhuru, wasemaji wa Kitelugu wengi walikuwa ndani ya jimbo la Madras pamoja na Watamili, wakadai jimbo lao. Potti Sriramulu akafunga kula mwaka 1952, akaendelea hadi akafa tarehe 15 Desemba, siku ya 58. Watu wakaingia barabarani, serikali ikakubali, na tarehe 1 Oktoba 1953 likazaliwa jimbo la Andhra, jimbo la kwanza la India huru kukatwa kwa kufuata lugha. Mwaka 1956 likaunganishwa na eneo la Telangana, na mwaka 2014, tarehe 2 Juni, Telangana ikajitoa tena, lugha ileile, majimbo mawili. Hapa ndipo ramani yangu inajiumbua: imechora mpaka mmoja wa lile jimbo la zamani, na imechapwa juzi tu kwa mujibu wa mwaka ulioandikwa chini. Ni kama kushona suti mpya kwa vipimo vya mteja kabla hajanenepa.

Tena wamepaka Hyderabad, mji mkuu wa Telangana, chungwa tupu. Mwanangu alikwenda huko kushughulikia makaratasi yake, akasema sehemu za mji wa zamani usipojua Kiurdu utazunguka. Sawa, ramani haiwezi kuonyesha mitaa. Hilo nawasamehe.

Nisichowasamehe ni kuifungia lugha ndani ya mpaka. Kitelugu hakikai ndani ya kiraka kile. Kipo Chennai, kipo Bengaluru, kipo kusini ya Odisha, kipo Solapur kule Maharashtra, na kipo Kharagpur, karibu na Kolkata kabisa, kwa sababu ya watu waliofuata kazi za reli. Mzee wangu wa reli aliposikia hilo ndipo alipoanza kuiheshimu lugha hii. Halafu kikavuka maji. Kuanzia 1860 meli zilibeba watu kutoka Madras kwenda kulima miwa Natal, Afrika Kusini, na Watelugu walikuwemo, vizazi vyao wapo Durban hadi leo. Wapo Morisi, ambako mwaka mpya wao, Ugadi, ni sikukuu ya taifa. Wapo Malaysia, walikopelekwa kwenye mashamba ya mpira. Na wapo wengi sana Marekani, hao ni wa kompyuta.

Kiindonesia hakina safari ya namna hiyo. Kinafanya kazi kubwa nyumbani, ukitoka nje kinapungua. Wajava waliopelekwa na Wadachi Surinam kuanzia 1890 walikwenda na Kijava chao, sare haikuwa imeshonwa bado. Timor ya Mashariki, iliyokuwa chini ya Indonesia tangu 1975 hadi 1999, Katiba yao inakitaja kama lugha ya kazi pamoja na Kiingereza, lakini lugha rasmi ni Kitetum na Kireno. Ramani imeipaka Timor nzima kijani kilekile. Mtu wa pale akiiona nafikiri atakasirika kuliko mimi.

Upande wa Malaysia wamefanya kinyume: wameweka rangi nyingine kabisa, kama vile Kimalei na Kiindonesia vimetengwa na ukuta. Ni lugha zilizotoka kwenye bweta moja. Waingereza na Wadachi waligawana maeneo kwa mkataba wa 1824, kila mmoja akaendelea na maneno yake na tahajia yake, lakini mtu wa Kuala Lumpur na wa Sumatra wanaongea wakaelewana. Kwa hiyo ramani imepaka rangi moja palipo na lugha 700, na imepaka rangi mbili kwa ndugu wa damu.

Nilianza kuchukua maneno ya kazi kutoka kwa watoto wote wawili, nikayaandika kwa chaki kwenye ubao wa kukatia. Shati kwa Kiindonesia ni kemeja, kwa Kitelugu ni chokka. Sindano, jarum na sudi. Hayafanani hata kidogo, na hayapaswi: Kiindonesia ni wa ukoo mmoja na lugha ya Madagaska, Kitelugu ni wa ukoo wa Kitamili na Kikannada. Lakini ona bahari ilivyofanya. Waindonesia wanasema dunia, na maana yake ni dunia. Wanasema bendera, ni bendera, sote tumeitoa kwa Mreno. Sabun ni sabuni. Anayekusabahi anakuuliza "apa kabar", na hiyo kabar ni habari yetu. (Dua kwao ni mbili. Binti alipopanga foleni siku ya kwanza akasikia mtu anaita "dua, dua", akadhani ni maombi.) Kwa Kitelugu kiti ni kurchi, kwa Kiindonesia kursi, na waliosoma madrasa hapa wanaijua Ayatul Kursi. Fundi wa nguo kwa Kitelugu naye wanamwita darji, nami nilifundishwa kudarizi na mama yangu kabla sijajua kusoma. Kitelugu chenyewe maneno yake mengi yanaishia na irabu kama yetu, mwanangu anasema ukisikia watu wanaongea chumba cha pili unaweza kudhani ni nyumbani mpaka usogee.

Na nguo! Hivi vitenge ninavyovishona kila siku vimetokana na viwanda vya Uholanzi vilivyoiga batiki ya Java karne ya 19. Huko Andhra kuna kalamkari, vitambaa vya Machilipatnam vinavyopigwa chapa kwa vibao vya mbao, na vya Srikalahasti vinavyochorwa kwa mkono kwa kijiti, na hiyo kalam ni kalamu hii hii. Mtengeneza ramani ameacha nafasi tupu kubwa kwenye Bahari ya Hindi akaweka picha ya dira. Dira! Angeandika hayo.

Turudi dukani. Siku ya kununua nilifika jioni, giza linaingia, taa yao nyeupe inafanya rangi ya chungwa ya Kitelugu na ile ya Kikannada jirani yake zionekane moja. Nilipofika kibandani asubuhi ndipo nikaona kuna mstari. Pia nikaona upande wa kulia umekatwa na mashine ya laminesheni. Nikarudi nayo.

"Kijana, huku mbona kumekatika?"

"Huko ni bahari tu, mama."

Bahari tu. Pale pembeni palikuwa na jina la Fiji, imebaki "Fi". Na Fiji nako kulipelekwa vibarua kutoka kusini ya India kulima miwa, Watelugu wakiwa miongoni mwao. Nikamweleza. Akanisikiliza kwa adabu zote, akanionyesha maandishi kwenye risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikaomba basi anirudishie hata elfu mbili, akasema bosi hayupo. Bosi alikuwa amekaa nyuma yake anakula zabibu. Kwa huduma hiyo, nyota moja, na ni ya adabu ya kijana.

Nimejitengenezea. Nimechukua pini zenye vichwa vyekundu na uzi wa chungwa, nikatoa nyuzi kutoka kwenye kiraka kwenda Durban, Morisi, Malaysia, Kharagpur, na mmoja mrefu kwenda Marekani unaokatiza kaskazini ya Afrika. Kwenye kijani sikuvuta uzi, nimetoboa matundu madogo kwa sindano mahali binti aliponitajia lugha nyingine, jua likiingia saa nane yanang'aa kwa nyuma kidogo, maana nimeihamishia kwenye pazia la mlango. Nimeweka pia pini ya bluu mashariki ya Borneo, hapo Waindonesia wanapojenga makao makuu mapya, Nusantara, sheria yake ilipita 2022. Wateja wa ofisi za serikali waliohamia hapa kutoka Dar es Salaam wakiiona pini hiyo wanacheka wenyewe, wanauliza kama nao wana vumbi.

Je, uinunue? Kama una mtoto mbali, nunua, ila usitoe zaidi ya 18,000. Nenda mchana, uione kwenye mwanga wa mlangoni. Na umwambie kijana aache sentimita mbili upande wa kulia kabla hajaiingiza kwenye mashine, umsimamie hapohapo mpaka itoke.